Mia Moja ya Koko

Namba moja ya damu haiwezi kumaanisha kitu kimoja kwa watu wote. Chukua kreatinini, kipimo ambacho karibu kila daktari huagiza akitaka kujua hali ya figo. Kreatinini ni taka ya misuli. Mwili huitoa kila siku, figo huichuja, inatoka na mkojo. Figo zikilegea, inajaa kwenye damu.

Shida ni kwamba misuli hatulingani. Kijana wa mjengo Kitengela anayo mingi, na akishiba nyama choma usiku, kreatinini ya asubuhi inaweza kupanda na figo zake ziko sawa tu. Koko wangu, nyanya yangu wa Entarara, ni mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Taka yake ni kidogo, kwa hivyo figo zinaweza kuchoka kimyakimya.

Yeye ana miaka 72 na sukari ya siku nyingi. Kliniki moja ilimpima, ikatoka mikromoli 100 kwa lita. Karatasi ilisema kawaida ni 60 hadi 120, bila kuuliza umri. Mjomba akaikunja akacheka: "Si umeona? Mama ni mzima!"

Mimi sikucheka. Kuna hesabu ya bure mtandaoni inayochanganya kreatinini, umri na jinsia, ikakisia figo zinachuja kiasi gani. Nikaweka 100, mwanamume, miaka 24 kama mimi: 93. Nikaweka 100 ileile, mwanamke, miaka 72: 52. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Na kwa kuwa hesabu haioni wembamba, hata hiyo 52 huenda inampendelea.

Toleo la 2009, lililoundwa Marekani, lilimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16. Yaani koko angepewa figo bora kwa sababu ya ngozi yake. Toleo la 2021 liliifuta nyongeza hiyo. Ukipewa majibu, uliza wametumia lipi.

Nilimwonyesha mjomba zile namba mbili kwenye simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa tufanye nini?" Koko atarudia damu baada ya miezi mitatu, lakini mkojo unapimwa wiki hii, kuona kama unavujisha protini. Nauli tumeshachanga.