Samaki wa Kwetu kwenye Meza ya Wamexico

Mliniomba niandike juu ya chakula nilichokula Marekani. Nitaandika juu ya siku moja tu.

Binti yangu anakaa Phoenix, katika jimbo la Arizona. Ni mji wa jangwa. Mwezi wa saba joto linapita digrii 40, hata mlango wa gari unakuunguza mkono. Juma la kwanza tulikosana juu ya bugali. Nilipika, nikaweka mezani, nikanawa mikono. Mjukuu wangu wa miaka 8 akaenda kutafuta uma. Mama yake akaninong'oneza: « Mama, huku watu hawali na mikono. » Sikujibu, lakini chakula hakikushuka.

Kwa hiyo aliponiambia siku ya Mungu tunaenda kula samaki kwa Wamexico, nilijua anatafuta tupatane.

Ni restora ndogo ya familia. Wanatoka Sinaloa, jimbo la Mexico kando ya bahari ya Pasifiki, linalojulikana sana kwa kamba, wale ambao kwetu wengine wanawaita kosakosa. Baba yuko jikoni, mama anapokea pesa, vijana wawili wanabeba sahani. Pembeni ameketi mama mzee anakata ndimu, mfuko mzima, bila kutazama kisu.

Kwanza walileta aguachile, maana yake maji ya pilipili. Ni kamba wabichi waliopasuliwa katikati, wakamwagiwa ndimu iliyosagwa pamoja na pilipili mbichi, juu kuna vitunguu na matango. Moto haukuwagusa, ndimu ndiyo inageuza nyama iwe kama imepikwa. Pilipili ile ni kali, wamama! Hata mimi niliomba maji. Lakini msijaribu nyumbani na samaki wa ziwa, maana ndimu haiui vijidudu vyote kama moto unavyoua. Na mwenye mimba asiiguse kabisa.

Wakaniletea kinywaji chekundu, baridi, kichungu kidogo na sukari. Nilipouliza, kumbe ni maua ya ngai-ngai! Sisi tunapika majani, wao wanachemsha ua.

Kisha akaja samaki mzima, kichwa na mkia, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti. Wanamwita mojarra. Nilimgeuza, nikamtazama, nikacheka peke yangu. Tilapia! Asili yake ni Afrika. Watu walimpeleka Mexico na sasa wanamfuga kule. Pembeni kulikuwa na mikate myembamba ya muhindi. Muhindi wao wanauchemsha kwanza na chokaa, ndipo wanausaga, na harufu yake si ile ya unga wetu.

Nilitazama meza zingine. Baba mmoja mwenye shati safi alikuwa anamega mkate, anachota samaki, ananyonya vidole. Watoto wake vilevile. Hakuna aliyeshika uma. Nikamtazama binti yangu, naye akatazama sahani yake. Halafu akakunja mikono ya nguo, akavunja kichwa cha samaki, akanipa mimi upande wenye jicho, kama alivyokuwa akifanya Bukavu alipokuwa mdogo. Mjukuu akauliza: « Koko, hapo panaliwa? » Nikampa shavu la samaki. Akaomba la pili.

Bei sitaiandika, wengine mngelia.

Wakati wa kulipa, binti yangu, ambaye amejifunza Kihispania kazini, aliniulizia yule mama walianzaje. Alianza kwa kuuza kamba kwenye vikombe, mlangoni pa nyumba yake. Friji ya kwanza aliinunua kwa tanda: wanawake kumi wanatoa pesa kila juma, mmoja anachukua zote, juma lijalo mwingine. Nikapiga makofi. Ni likilimba yetu kabisa! Yule mama hakuelewa kwa nini nafurahi hivyo, lakini naye alicheka, akatuongezea ndimu kwenye mfuko.

Tulipokuwa tunatoka, binti yangu alirudi tena kwake, wakaongea kidogo. Ndani ya gari alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: « Mama, sombe ya watu ishirini inahitaji mafungu mangapi? »

Nikamwambia kwanza aniambie mawese ya huko anayapata wapi.