Majina ya Kale Ubavuni mwa Mabehewa

Msafiri apitaye kituo cha reli cha Nakuru huyatazama mabehewa ya mizigo kama vyombo vya kuchukulia saruji na ngano tu. Lakini akiyasoma ubavuni, huenda akakuta humo historia ya nchi.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, iliitwa Reli ya Uganda. Baadaye ikawa Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 iliunganishwa na ile ya Tanganyika, zikaandikwa herufi EAR&H. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, nayo H ikaondoka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake. Tena, toka 2006 hadi 2017, kampuni ya RVR iliendesha reli za Kenya na Uganda.

Kila mwenye mali mpya hupaka rangi yake. Lakini jua na mvua hula rangi ya juu kwanza, ndipo herufi za mwenye mali wa kale hujitokeza tena, kama maandishi yaliyofutwa vibaya ubaoni.

Behewa likiuzwa kwa chuma chakavu, jina nalo huingia tanuruni. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971, hayawezi kuhifadhi yote. Basi wazee waliofanya kazi relini na wasimulie, na vijana waandike herufi, namba na mahali behewa lilipoonekana. Wasome wakiwa kando, kwa maana kukanyaga njia ya gari la moshi ni hatari.