Mfungo Wenye Siku ya Kufungua

Pale Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi Kigali, kila niliyemtajia Butare alininyooshea kidole basi la Huye, mji wa kusini uliokuwa na jina hilo zamani. Niliposema wilaya ya Rusizi ndipo nikauziwa tikiti. Butare yangu ni kata ya vilimani, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, alikoolewa binamu yangu. Kanisa lao dogo la Kipentekoste lilikuwa likiingia katika maombi ya kufunga, naye akanialika.

Niliondoka na hofu. Mimi ni mtu wa Malindi. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa ile miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ya waumini wanaodaiwa kuhubiriwa wafe njaa ili wakutane na Yesu, kwetu Mkristo akisema anafunga, watu hutazamana. Jirani yangu Mwislamu hufunga Ramadhani nzima bila mtu kumhofia, maana mtaa mzima unajua kuwa magharibi ikiingia, futari iko mezani.

Basi lilipita Huye na Nyamagabe, kisha likazama katika msitu wa Nyungwe. Baridi ya humo sijawahi kuiona pwani. Nilijitanda leso mbili na bado nikatetemeka. Msitu ulipoachia, macho yalikutana na chai ya Gisakura, imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mjini Kamembe nikashangaa tena: Kiswahili sokoni, Kiswahili stendi, kwa kuwa Bukavu ya Kongo iko ng'ambo tu ya mto Rusizi. Safari ya mwisho ilikuwa ya pikipiki. Kwetu bodaboda hubeba watatu vichwa wazi. Huyu dereva hakuwasha injini hadi nilipokaza mkanda wa kofia.

"Yesu ashimwe!" ndiyo salamu iliyonipokea, sawa na Bwana asifiwe ya kwetu. Jioni ile ile tukaketi kuchagua mifungo. Nilitarajia mahubiri ya moto, kumbe nilikuta daftari. Mzee wa kanisa, aliyewahi kuchuuza Bukavu, aliandika jina la kila mtu, aina ya mfungo wake na siku ya kuufungua. Mwenye mimba, anayenyonyesha na anayemeza dawa walibaki na chakula chao, wakaambiwa watafute kingine cha kuacha. Kijana mmoja akaacha simu kuanzia jua likizama. Mwingine akachagua mfungo wa Danieli, wa mboga na maji, bila nyama wala vitamu. Mama mmoja akacheka: huo wa Danieli ndio chakula chake cha mwaka mzima! Yeye angefunga kusengenya.

Zamu yangu ilipofika nikataka ukubwa. Nikasema nitafunga kama Esta, siku tatu bila chakula wala maji.

"Esta alikabili kifo cha watu wake," mzee akasema. "Wewe, ndugu, unakabili nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaandikiwa mfungo wa kutwa: maji ruhusa, kufungua saa kumi na mbili jioni. Nilifurahi kugundua kwamba Kinyarwanda huhesabu saa kama sisi, ila nchi yao iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Tumbo langu la Malindi lilidai chakula mapema.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilidhani tutashinda kanisani. Watu wakabeba majembe. Maharagwe ambayo yangepikwa mchana yalikusanywa kwenye kikapu na kupelekwa kwa bibi mmoja asiye na wa kumlimia. Kwao Isaya 58 ndiyo sheria ya mfungo, kwamba mkate wako umfikie mwenye njaa. Jioni tulianza kwa igikoma, uji mwepesi, kisha ugali wa muhogo na isambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kabla ya sala, mzee alizunguka akiuliza nani ana kizunguzungu.

Nilimuuliza kuhusu Shakahola. Alikuwa amesikia. Alinieleza kwamba Upentekoste wa nchi hii ulianzia Gihundwe, huku huku Rusizi, na wamisionari wa Uswidi mwaka 1940, na kwamba sheria ya 2018 inawataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya dini. Halafu akaongeza, kwa Kiswahili cha ng'ambo: "Lakini sisi huku hatufunge bila kusema siku ya kufungua."

Nikirudi Malindi nitaliambia kanisa langu tununue daftari. Daftari hilo liwe na safu tatu: unaacha nini, kwa ajili ya nani, unafungua lini. Na mhubiri asiyeweza kuijaza ile ya tatu, mwacheni na kalamu yake, mwende mkale.