Upande wa Nyuma

Kilatini nilikianza seminari ndogo, na nilipofika Paris kusomea historia niliamini kingenitosha. Nikawekewa mezani picha ya hati ya mfalme Chlothar II ya mwaka 625. Saa nzima ikapita sijasoma hata mstari mmoja. Herufi zake ni ndefu, nyembamba, zimekumbatiana kama mizizi ya mikoko, na maneno hayaachiani nafasi. Ilibidi nijifunze kusoma upya, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kazi hiyo ilinila miaka.

Hati ile iliandikwa kwenye mafunjo, na mafunjo yalitoka Misri. Shuleni tulikariri kwamba dola ya Roma ya Magharibi ilianguka mwaka 476. Sasa hapa, karibu miaka 150 baadaye, makarani wa mfalme wa Wafranki bado wanaandika juu ya bidhaa iliyovuka bahari ileile ya Warumi! Ngozi ilikuja kushika nafasi yake mwishoni mwa karne ya 7. Tangu hapo neno "kuanguka" linanikwama kooni.

Lakini somo kubwa lilichelewa. Ujanani nilizichukia hati za kughushi. Katika makala yangu ya kwanza nilizifukuza zote kwa sentensi moja. Mwalimu wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, aliisoma akaniuliza, "Na haya mafunjo ya Saint-Denis, nani aliyetutunzia?" Nikanyamaza. "Geuza," akasema.

Nyuma kulikuwa na maandishi mengine. Katika karne ya 11, watawa wa abasia ya Saint-Denis walikuwa wakivutana na askofu wa Paris, nao walitaka ushahidi wa kale kwamba hana mamlaka juu yao. Wakatoa mafunjo yao makuukuu, na kwenye upande mtupu wakaandika hati walizozitunga wenyewe, wakiiga mwandiko wa mababu. Walichohitaji ni ukongwe wa mafunjo, kwa hiyo wakayalinda. Maneno ya kweli ya karne ya 7 yamenusurika yakiwa yamebebwa mgongoni na uongo.

Makala ile niliiandika upya yote. Watawa wale nimeishi nao zaidi ya miaka 20 sasa: hofu zao, ufundi wao, hata makosa ya mikono yao. Wanafunzi wangu wapya huwa nawapa kwanza picha ya upande wa nyuma.