Sajini Aliyepima Neno Lake

Katika mji wa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, askari polisi hawezi kuitimiza kazi yake kwa lugha moja. Nyumbani na sokoni watu husema Kiswahili. Vikosini Kilingala kimesikika tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji. Lakini kalamu igusapo karatasi ya serikali, Kifaransa ndicho kitawalacho. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kimewekwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Basi mara nyingi jambo husikika kwa lugha hii na kuandikwa kwa lugha ile, na katika safari hiyo fupi baina ya sikio na kalamu, mtu asiye na hatia aweza kupotea.

Sajini mmoja wa mji huo aliijua hatari hiyo, ingawa hakupata kudhani kwamba yeye mwenyewe angekuwa sababu yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mwandiko mzuri uliosifiwa kituoni, na Kifaransa chake alikipata kwa taabu, baadhi yake darasani na baadhi yake kazini. Siku moja alikabidhiwa shauri la baiskeli ya mchuuzi wa makaa iliyoibwa mbele ya duka. Kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa ameonekana akizunguka mahali pale, naye akakamatwa. Hakuna aliyemwona akiishika baiskeli. Mkuu wa kituo alitaka taarifa iwe mezani asubuhi, na chini yake sajini aandike maoni yake. Katiba yasema kwamba mtu hawekwi mikononi mwa polisi kupita saa 48 bila ya kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, na nusu ya saa hizo zilikuwa zimekwisha kupita.

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika. Sajini akaketi mezani kwa taa ya mafuta, akaandika mambo yote kwa utaratibu, kisha akamalizia kwa sentensi iliyompendeza: « Il est probable que ce jeune homme a pris le vélo. » Mkewe alikuwa akipuliza jiko la makaa, na binti yao, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa ng'ambo ya pili ya meza ile ile akikariri somo la siku ya pili.

« Mama yake yule kijana alipita hapa, » mkewe alisema bila ya kugeuka. « Hakuomba umfungulie mwanawe. Aliuliza tu, baba ameandika nini. »

Sajini hakujibu. Binti naye akaendelea kukariri kwa sauti: baada ya « il est probable que » huja kitenzi cha kawaida, ambacho walimu hukiita indikatifu, baada ya « il est possible que » huja subjonktifu.

« Rudia hapo, mwanangu, » baba alisema. « Kuna tofauti gani? Yote si labda? »

« Sivyo, papa, » binti alijibu. « Ukisema probable, umekwisha kuegemea upande mmoja. Waona kwamba jambo lile ndilo lililo karibu na ukweli, ndiyo maana kitenzi hakibadiliki: il a pris. Lakini ukisema possible, hujaegemea popote. Jambo laweza kuwa, laweza lisiwe. Hapo husemwa: qu'il ait pris. »

Sajini akaitazama karatasi yake. Alikuwa amekusudia kusema « yawezekana », na mkono wake ulikuwa umeandika « yaelekea kuwa ndivyo ».

Akamwomba binti amfunze zaidi, na mtoto akafanya hivyo kwa adabu. Akamweleza kwamba Kiswahili nacho kina hali hiyo ya kitenzi, na watu huitumia kila siku pasipo kuijua. Mtu asemapo « nataka aje », Mfaransa husema « je veux qu'il vienne ». Asemapo « yafaa aandike », Mfaransa husema « il faut qu'il écrive ». Tena, kwa bahati njema, vitenzi hivyo katika lugha zote mbili humalizikia kwa herufi ile ile, yaani e. Katika kutaka, kuamuru na kutamani, lugha hizo mbili hutembea pamoja.

Zaachana zifikapo kwenye maoni. Mswahili husema « nadhani anadanganya » na « sidhani kama anadanganya », na kitenzi cha pili hubaki vile vile. Shaka yote huibebesha neno la kwanza, au huleta maneno kama « huenda », « yasemekana » na « eti ». Mfaransa husema « je pense qu'il ment », kwa kuwa aonavyo yeye ndivyo jambo lilivyo. Lakini akikana huambiwa aseme « je ne pense pas qu'il mente ». Shaka imeshuka mpaka ndani ya kitenzi chenyewe.

« Na hii hapa? » sajini aliuliza, akinyoosha kidole kwenye daftari. Binti alikuwa ameandika mfano wake mwenyewe: « Maman est contente que papa soit là. » Mama afurahi kwa kuwa baba yupo. « Mimi nipo, wala hakuna shaka. Mbona umeniandika kama mtu asiyejulikana kama yupo au hayupo? »

Mama akacheka kwanza. Binti akaeleza kwamba sentensi ile haikutungwa ili kutoa habari ya baba kuwapo. Ilitungwa kueleza moyo wa mama. Palipo na furaha, huzuni, hofu au mshangao, Mfaransa hutumia subjonktifu hata kama jambo ni la hakika.

Sajini akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akachukua karatasi mpya. Mambo aliyoyaona na aliyoambiwa aliyaandika tena kama yalivyokuwa, kila moja na msemaji wake. Chini akaandika: « Il est possible que ce jeune homme ait pris le vélo. » Hata hivyo, hakuridhika. Alitambua kwamba msomaji mwenye haraka aweza kuipita « ait » asiione, na kwamba sarufi pekee haiwezi kumlinda mtu. Akaongeza sentensi nyingine, nyepesi kuliko zote: « Personne ne l'a vu le prendre. » Hakuna aliyemwona akiichukua. Karatasi ya kwanza akampa mkewe, nayo ikawashia jiko.

Asubuhi mkuu wa kituo alizisoma sentensi hizo mbili, akazirudia.

« Yaani hujui? » aliuliza.

« Sijui, mkuu. Nashuku tu. »

Kwa askari wa miaka mingi, jibu hilo si jepesi kulitoa mbele ya mkubwa wake. Wenzake wawili waliokuwa mlangoni waliinamisha macho. Mkuu akaiweka karatasi mezani, akaamuru kijana arudi kwao na afike kila atakapoitwa, na sajini arejee dukani akamtafute mtu anayejua.

Ulimi hauna mfupa, lakini kalamu ina kumbukumbu. Yaliyosemwa kwa hasira hupita, yaliyoandikwa husomwa na hakimu asiyemjua mwandishi wala mshtakiwa. Afisa aandikapo taarifa, mke aelezapo habari za jirani, au mzazi amtuhumupo mtoto wake, kila mmoja hana budi kutenga alichokiona na anachokidhani, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiswahili.

Jioni ile sajini alipokuwa akitoka dukani, alikutana njiani na mama wa yule kijana. Mama yule hakuuliza tena kilichoandikwa. Alimwamkia, naye akaitikia, na kila mmoja akashika njia yake.