Kioo cha Marehemu Baba

Mama anataka kioo cha rangi alichonunua marehemu baba kwa mafundi wa Kitengela kining'inizwe dirishani, juu ya kitanda cha mjukuu wake, jua la asubuhi limwamshe mtoto kwa rangi. Mimi nawaza kilo. Kioo cha unene wa milimita 3, mita moja ya mraba, ni kama kilo 7.5, kabla hujahesabu risasi inayoshikanisha vipande. Na risasi ni laini. Ukiining'iniza kwa ndoano mbili za juu inavutika polepole, kioo kinatoa tumbo, halafu siku moja ndoano inabaki ukutani peke yake. Fundi wa mtaani atakwambia piga msumari tu. Kwenye plasta, jamani?

Nikamwambia mama, kitasimama. Fremu ya mbao ngumu pande zote nne, ikalie kizingiti cha dirisha la sebuleni ili ukuta ubebe uzito. Vibanio vya pembeni vizuie kisiinamie ndani. Tena mtoto asikifikie, maana risasi ni sumu na huyu bado anatia kila kitu mdomoni.

Mama alinyamaza kidogo.

"Sebuleni jua linaingia saa kumi," akasema. "Basi atakikuta akitoka chekechea."