Diski Mpya, Uzembe Uleule

Nilipoanza ufundi wa kompyuta Kawajense, Mpanda ilikuwa bado chini ya mkoa wa Rukwa. Katavi, mkoa wetu wa sasa, ilizaliwa mwaka 2012. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, unakatika na kurudi bila hodi. Diski za zamani, zenye sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, hazikuyaweza maisha hayo. Zilikufa, nasi mafundi tukala.

Zilipoingia diski za SSD, wateja walizipokea kama dawa ya kila ugonjwa. Ni dawa kweli: ndani hamna kinachozunguka, na hata ile ya SATA husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, pale diski ya zamani inapohangaika kwenye mia na ushee.

Mzee mmoja mwenye stesheneri aliniletea kompyuta ya mezani.

“Fundi, SSD nimeshaweka. Mbona bado inawaka kama behewa linalosubiri injini Kaliua?”

“Tuiwashe kwanza, mzee wangu.”

Sikushika bisibisi. Nilitaka kujua muda unapotelea wapi. Jina la mtengenezaji liliganda kwenye kioo cheusi, hadi mzee akaagiza chai. Nembo ya Windows ilipotokea tu, mambo yakaenda mbio. Kumbe SSD ilikuwa inasingiziwa: uzito ulikuwa kabla yake, kwenye BIOS, ile programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa.

Kufungua kava, nikaikuta diski ya zamani bado imechomekwa, “ya kutunzia mafaili”, inagonga tak, tak. BIOS ilikuwa inaibembeleza ijitambulishe. Nikachomoa waya wake. Mashine ikagoma kabisa. Aliyepandisha Windows aliacha diski zote mbili zimechomekwa, faili za kuwashia zikabaki kwenye ile mbovu. Kosa hili nimelikuta mara nyingi, na linaniudhi.

Nikairudisha, nikahamisha mafaili ya mzee, ndipo nikaiondoa na kutengeneza upya faili za kuwashia juu ya SSD, kwa flashi ya Windows na amri ya bcdboot. Betri ya CR2032 nayo ilikuwa imekwisha. Kila umeme ukikatika, BIOS ilisahau mpangilio na kuanza kutafuta mfumo kwenye mtandao. Nikaibadilisha, nikaiweka SSD mbele kwenye orodha ya kuwashia.

Ndugu msomaji, kabla hujanunua diski nyingine, itazame mashine inavyowaka. Ikichelewa kabla ya nembo ya Windows, anza na BIOS, betri na vilivyochomekwa. Ikichelewa baada ya nembo, kagua programu zinazojiwasha zenyewe na nafasi iliyobaki kwenye SSD.